Bahari isiyoona jua

Galileo, mtu wa Italia, aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Jupita mwaka 1610. Akaona miezi minne ikiizunguka. Mmoja wao unaitwa Europa. Ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, na juu yake pote ni barafu, ngumu kama jiwe. Nani ataweza kuishi pale?

Juu ya barafu, hakuna. Lakini wenye elimu wanadhani kwamba chini yake kuna bahari, yenye maji mengi kuliko bahari zote za dunia yetu. Mbona maji hayo hayagandi? Chukueni kipande cha waya, mkikunje na kukikunjua upesi mara nyingi, halafu mguse pale palipokunjwa. Pana moto! Ndivyo Jupita inavyoufanya mwezi ule. Inauvuta mara kwa nguvu zaidi, mara kwa nguvu kidogo, kwa kuwa Europa mara inakaribia, mara inakwenda mbali kidogo. Mwezi mzima unanyooka na kurudi kila siku tatu na nusu, na ndani yake panapata joto.

Basi maji yapo, na joto lipo. Na chakula je? Zamani watu walisema: pasipo jua hapana majani, pasipo majani hapana mnyama. Lakini mwaka 1977 watu walishuka kwa chombo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galapagos, mita 2,500 chini ya bahari, katika giza tupu. Wakakuta maji ya moto yakitoka katika nyufa za mwamba, na kando yake wanyama wengi. Walikuwepo minyoo mirefu, isiyo na kinywa wala tumbo la kusagia chakula. Ndani ya mwili wa mnyoo hukaa vijidudu vingi mno, navyo humtengenezea chakula kwa hewa ile inayonuka kama mayai mabovu. Angalieni vema, lakini: mnyoo yule huhitaji pia oksijeni, nayo ilitoka kwa mimea ya juu, penye jua. Vijidudu vingine vya huko chini haviihitaji kabisa. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa nani anaweza kuishi Europa, nataja kwanza vijidudu, si samaki.

Hata hivyo, tuseme wakubwa wapo. Wangekuwa na umbo gani? Kiumbe hakichagui umbo lake. Katika kila uzazi watoto hutofautiana kidogo. Yule anayefaa zaidi mahali pale huzaa wengi, na wengine hupungua. Karibu na Mbanza-Ngungu, katika mapango ya nchi yetu, yumo samaki mdogo mweupe asiye na macho. Wazee wake wa kale walikuwa nayo. Gizani macho hayaleti faida, tena yanakula nguvu ya mwili bure. Huko Europa macho yasingeanza hata kidogo.

Mnyama wa huko angetafutaje njia? Katika mto Kongo wako samaki wenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo. Hutoa umeme kidogo sana mwilini, na kwa umeme huo hutambua vitu katika maji ya matope. Namna kama hiyo ingefaa. Na kwa kuwa chakula ni haba, nadhani wangekuwa wadogo na wazito wa kwenda.

Hakuna aliyewaona. Chombo cha Marekani kiitwacho Europa Clipper kiliruka Oktoba 2024, nacho kinatazamiwa kufika Jupita mwaka 2030, kuchunguza kama mahali pale panafaa kwa uhai. Chombo cha kabla yake, kilichoitwa Galileo, kilipokaribia kuishiwa na mafuta mwaka 2003, wenyewe walikitupa ndani ya Jupita kiungue. Waliogopa kisije kikaangukia Europa na kupeleka huko vijidudu vya dunia, vikaharibu uhai wa wenyeji ambao hatujawajua bado.