Ndugu wawili na homa ya ini: mgonjwa ni yupi?

Ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunauanza na habari ya nyumba moja hapa kambini. Majina hatuyataji, maana ni majirani zetu na wenyewe wametuomba hivyo.

Katika nyumba hiyo kuna ndugu wawili, kaka na mdogo wake. Kaka ni fundi cherehani. Miaka kadhaa iliyopita aliugua vibaya sana: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, chakula hakipiti. Watu wakasema, huyu hatoki. Lakini alitoka, na baada ya wiki chache akarudi kwenye cherehani yake. Mdogo wake yeye hajawahi kulala kitandani hata siku moja. Siku ya mgao anabeba mifuko ya wajane, jioni anacheza mpira.

Juzijuzi huyu mdogo alikwenda kumtolea damu shangazi yao aliyelazwa. Damu ilipopimwa akaambiwa, pole ndugu, una virusi vya homa ya ini B, damu hii haiwezi kutumika. Kaka naye akapimwa. Hana kitu!

Nyumbani ikawa vita. Sahani ya mdogo ikatengwa, kikombe chake kikawekwa nje. Mkewe, mwenye mimba ya miezi sita, akafunga mzigo arudi kwa mama yake. Alisema, "Ugonjwa huu umeutoa kwa wanawake wa nje." Wazee walijaribu kusuluhisha, wakashindwa. Ndipo tukaombwa tuwasindikize wote kwa daktari.

Kirusi na askari wa mwili

Daktari alianza na jambo lililotushangaza. Alisema kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiliharibu ini sana. Kinaingia ndani ya chembe za ini na kuzaana humo, na chembe inaendelea kuishi. Wanaoharibu ini hasa ni askari wetu wenyewe, yaani kinga ya mwili. Chembe nyeupe za damu zikitambua kwamba chembe ya ini ina adui ndani, zinaiua pamoja naye.

Mtu mzima akiambukizwa, askari wake kwa kawaida wamekomaa. Wanapambana kwa nguvu, chembe nyingi za ini zinakufa kwa mara moja, ndiyo maana macho ya wengine yanakuwa ya manjano. Inauma, lakini vita inakwisha. Katika watu wazima 100 wanaoambukizwa, zaidi ya 95 hukishinda kirusi, na ini huota upya. Wanabaki na walinzi ndani ya damu. Kipimo cha ziada kilionyesha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kaka.

Kwa mtoto mchanga ni kinyume. Askari wake bado wadogo, wanamwona adui kama mtu wa nyumbani. Hakuna vita, kwa hiyo hakuna homa wala macho ya manjano. Mzazi anafurahi, kumbe adui amejenga. Katika watoto 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 90 wanabaki na kirusi. Baada ya miaka mingi askari wanaamka, lakini wamechelewa. Wanapigana kidogo, wanachoka, wanapigana tena. Kila pigano linaacha kovu. Makovu yakizidi, ini linakuwa gumu, na kwa wengine linapata kansa. Duniani kote, mwaka 2022, homa ya ini B iliua watu wapatao milioni 1.1.

Basi kosa ni la nani?

Daktari alimgeukia mke: "Mama, hakuna kipimo kinachotaja siku. Lakini mtu aliyebaki na kirusi bila kuugua, mara nyingi alikipata utotoni. Labda alipozaliwa, labda kwa wembe wa chale, labda kwa vidonda vya watoto wanaocheza pamoja. Usimhukumu mumeo kwa karatasi hii."

Mama yule alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Na huyu aliye tumboni?"

Tufanye nini?

Kwanza, sahani irudi mezani. Ugonjwa huu hauenezwi kwa kula pamoja, kushikana mikono, wala kunyonyesha. Unapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na wakati wa kujifungua. Wembe, mswaki na sindano kila mtu awe na vyake. Tone la damu lililokauka linaweza kuwa na kirusi hai kwa siku 7.

Pili, mke apimwe. Kama hana, achanjwe, hata akiwa na mimba. Kama anacho, kuna vidonge vya kumlinda mtoto. Mtoto naye apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha chanjo ya pamoja akiwa na wiki 6, 10 na 14. Dozi ya siku ya kwanza haipo kila kituo, kwa hiyo mama aulize mapema, asingoje uchungu umshike.

Tatu, mwenye kirusi aangaliwe ini lake kila miezi 6, hata kama ana nguvu. Aache pombe. Karanga na mahindi yenye ukungu asile, maana sumukuvu na kirusi hiki vikikutana, kansa inakuwa karibu zaidi. Aliyeanzishiwa vidonge asiviache mwenyewe: kirusi kitarudi ghafla, askari watavamia, na ini linaweza kushindwa kabisa.

Na zile dawa za mizizi zinazouzwa sokoni, eti za "kuongeza kinga"? Jamani, ini lililojeruhiwa haliongezewi mzigo. Nyingine ni sumu kwa ini.

Leo hii

Mke amepimwa, hana kirusi, na amepata chanjo ya kwanza. Mzigo ameufungua. Tulipowatembelea Jumapili, ndugu wote wawili walikuwa wanakula ugali kwenye sinia moja. Kaka akatuambia, "Kumbe mimi niliyeugua ndiye niliyepona."

Zungumzeni nyumbani: Je, watoto wetu wote wamemaliza chanjo? Kadi ziko wapi? Na je, kuna mtu tuliyemtengea sahani bila sababu?