Faida ya Kiwanda na Faida ya Kiwanja

Hesabu za Kampuni ya East African Portland Cement ya nchini Kenya, za mwaka ulioishia Juni 2018, zinastahili kutazamwa kwa makini. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1933, na ambayo kiwanda chake kipo Athi River, ilitangaza faida ya mabilioni ya shilingi, ilhali kazi yenyewe ya kutengeneza na kuuza saruji ilikuwa imeiletea hasara. Mambo hayo mawili yawezaje kukaa katika kitabu kimoja?

Mtu akitaka jibu na aanze na mstari ambao wasomaji wengi wa hesabu huuruka, yaani ule wa faida ghafi. Hiyo ni fedha ya mauzo baada ya kutoa gharama iliyoingia katika bidhaa yenyewe: mawe ya chokaa, makaa ya tanuri, umeme wa kusagia, mifuko, na ujira wa watu wa mitambo. Mishahara ya makao makuu na riba za mabenki bado hazijaguswa. Kwa mfano tu, mfuko ukiuzwa shilingi 600 na kugharimu 480, faida ghafi ni 120, yaani asilimia 20. Washindani wakilazimisha bei ishuke hadi 540, hubaki 60. Bei imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini faida ghafi imekwenda nusu nzima.

Tena saruji ina ukali wake. Tanuri hufikia joto la nyuzi 1,450 hivi, na likizimika kwa ubovu, kuliwasha upya hula makaa mengi kabla ya kupatikana hata mfuko mmoja. Wafanyakazi nao hulipwa, liwake lisiwake. Hivyo kiwanda kichakavu kinachozalisha kidogo hukibebesha kila kifuko mzigo mkubwa zaidi. Askari wa bohari analielewa hilo: gari bovu linagharimu dereva na mlinzi hata likiwa limelala gereji.

Faida ile ya 2018 ilitoka penginepo. Kampuni ilikuwa na maelfu ya ekari, na kanuni za uhasibu huruhusu ardhi iliyowekwa kama kitega uchumi ithaminiwe upya, na ongezeko la thamani yake liandikwe kuwa pato. Lakini ongezeko hilo si fedha taslimu. Halinunui makaa wala halilipi mshahara. Isitoshe, sehemu ya ardhi ya kampuni ilikuwa imekwisha kujengwa nyumba na watu; zilibomolewa Oktoba 2023, baada ya mvutano mrefu mahakamani.

Wala wenye hisa hawakuwa matajiri peke yao. Wakati huo Serikali ya Kenya ilikuwa na takriban robo ya hisa, na mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi hiyo ulikuwa na zaidi ya robo, yaani akiba ya uzeeni ya watu wa mshahara. Mwaka 2019, mwaka mmoja tu baada ya faida ile kuandikwa, kampuni iliwapa wafanyakazi wake wote notisi ya kufutwa kwa nafasi zao, na waliotaka kubaki wakatakiwa kuomba kazi upya kwa malipo pungufu.