Fahamu: Kongano la mwani, wakulima na wanazuoni chini ya paa moja

Kisiwa cha Pemba, ambacho aghalabu husifika kwa karafuu, ndicho kitoacho sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, zao lililoanza kulimwa kibiashara visiwani mwaka 1989 na ambalo, likisafirishwa ghafi kwenda ng'ambo, faida yake kubwa huishia katika viwanda vya wageni.

Kongano hili ni nini?

Kwa kuitafutia dhiki hiyo dawa, mwaka 2006 liliasisiwa Kongano la Mwani Zanzibar, ambamo wakulima, wengi wao wanawake, hushauriana na serikali, wafanyabiashara na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pamoja na mtafiti Dk. Flower Msuya.

Natija yake ni ipi?

Mwani mkavu husagwa unga, ukachanganywa na mafuta ya nazi na kostiki soda, ukatiwa mafuta ya karafuu, ikapatikana sabuni yenye thamani zaidi kuliko mwani ghafi. Na bahari ilipozidi joto, kotonii, aina mojawapo ya mwani, ikawa yafa, zikajaribiwa nyavu za mirija katika maji ya kina kirefu.

Mazingira yanafaidi nini?

Mwani hauhitaji mbolea wala maji matamu. Lakini kwa upande wa kipato, maadamu mashine na masoko ni haba, elimu ya kongano pekee haitoshi kumtajirisha mkulima.