Ndege ya kujiundia: yafaa kwa matembezi ya wawili, si kwa mzigo wa Kikuubo

KIKUUBO ni neno la Kiganda lenye maana ya ujia mwembamba, na kila aliyewahi kufika hapo kutoka Juba, Bunia au Kigali anajua kwamba jina hilo halikukosea. Wachukuzi wenye maboksi kichwani, bodaboda na wateja wa jumla husukumana humo kuanzia alfajiri. Kwa mume na mke wenye duka katika mtaa huo, au wale wanaokuja kununua sukari, sabuni na mafuta ya kupikia kisha kurudi mpakani, mapumziko ni Jumapili moja tu, nayo mara nyingi huishia ndani ya basi.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya waliorudi kutoka Marekani, Canada na Ulaya huja na wazo lingine. Huko walikoishi waliona watu wa kawaida, fundi au mwalimu mstaafu, wakiunda ndege ndogo katika gereji za nyumbani. Jumamosi asubuhi mume na mke hupanda, wakaenda kula chakula cha mchana mji mwingine na kurudi kesho yake. Je, ndege kama hiyo haiwezi kuletwa kwa kontena, ikaunganishwa Kampala na kuwapeleka wawili Murchison Falls mwisho wa juma?

Inawezekana. Lakini mwenye kutaka kufanya hivyo ajue mapema kwamba ugumu wake hauko katika mabati na injini. Uko katika mizani, majaribio na karatasi.

Vipande ndani ya masanduku

Ndege hizi huuzwa kama seti ya vipande. Kampuni inayojulikana zaidi ni Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, Marekani, ambayo zaidi ya ndege 11,000 za mitindo yake zimekwisha kuruka duniani. Mnunuzi hupokea mabati ya alumini yaliyokwisha kutobolewa, misumari ya kubana kwa maelfu, na michoro. Injini, pangaboi la mbele na vyombo vya rubani hununuliwa kando, na gharama yote hufika makumi ya maelfu ya dola.

Kazi ya mikono huchukua kati ya saa 1,500 na 2,000. Mtu anayejinyima saa kumi kila wiki atamaliza baada ya miaka mitatu au minne.

Wafanyabiashara wetu wanaijua hatari ya malipo ya awali. Hata kampuni kubwa huyumba: Desemba 2023 Van's iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na wateja waliokuwa wamekwisha kuweka pesa walitakiwa kukubali bei mpya ili wapate mzigo wao. Ilinusurika mwaka 2024, lakini funzo lilibaki.

Anayerudi nyumbani asidhani pia kwamba msamaha wa ushuru wa gari moja, anaopewa mkazi anayerejea katika Afrika Mashariki akitimiza masharti, unaigusa ndege. Umeandikiwa gari. Wala kile cheti chepesi cha wafanyabiashara wadogo cha bidhaa zisizozidi dola 2,000 hakimfai, kwa sababu ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Ni vizuri kuongea na wakala wa forodha kabla sanduku halijapakiwa melini.

Moyo wa kujiundia hata hivyo si mgeni kwetu. Mwaka 2011 Mganda Chris Nsamba aliwaonyesha waandishi wa habari ndege ambayo yeye na vijana wa kujitolea walikuwa wakiiunda nyuma ya nyumba ya mama yake, hapahapa Kampala. Nchini Kenya, mtaalamu wa kompyuta Gabriel Nderitu alijulikana kwa kuunda ndege kwa maarifa aliyoyasoma katika intaneti.

Mizani haina bei ya maelewano

Tuchukue ndege ya viti viwili aina ya RV-7. Uzito wa juu inaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 816. Ikiwa tupu huwa na takriban kilo 500. Tangi likijaa, lita 159 za petroli ni kama kilo 114. Zinabaki kilo 200 kwa watu na mizigo. Mume wa kilo 85 na mke wa kilo 75 wakiketi, zimebaki kilo 40, na sehemu ya mizigo yenyewe haikubali zaidi ya kilo 45.

Mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50 hauingii.

Hapo ndipo mazoea ya sokoni yanapogeuka kuwa hatari. Katika lori au basi la kwenda Elegu, tumezoea kusema "ongeza kidogo tu". Gari likilemewa litapanda mlima polepole. Ndege ikilemewa hutumia njia ndefu zaidi kuondoka ardhini, na mzigo ukiwa nyuma mno rubani hushindwa kuishika hata kama mizani ya jumla iko sawa.

Mahali petu panaongeza ugumu. Uwanja mdogo wa Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe, ambako ndege nyingi ndogo za Kampala hutua, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hata kabla jua la saa nane halijaipunguza zaidi. Ongeza radi za mchana za ukanda wa Ziwa Viktoria, na wale kaloli wakubwa wanaozunguka juu ya majaa ya Kampala. Ndiyo maana marubani wengi wa ndege ndogo hupenda kuondoka asubuhi.

Faida nayo ipo. Kutoka Kajjansi hadi kiwanja cha Pakuba, ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, ni kama kilomita 265 kwa mstari wa moja kwa moja. Ndege ya mwendo wa kilomita 250 kwa saa hufika kwa saa moja na dakika chache, wakati barabarani ni karibu nusu siku. Tangi lililojaa linatosha kwenda na kurudi na akiba juu yake, jambo la maana kwa kuwa petroli ya ndege ndogo haipatikani katika kila kiwanja cha mikoani.

Wawili walionusurika mara mbili

Hifadhi hiyohiyo ina kisa ambacho kila mume na mke wenye ndoto hii wangefaa kukijua. Januari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alimpa mkewe Mary zawadi ya Krismasi iliyochelewa: matembezi kwa ndege ndogo aina ya Cessna 180, iliyoendeshwa na rubani Roy Marsh. Haikuwa ya kujiundia, ilitoka kiwandani. Waliondoka Nairobi, wakapitia Mwanza na Bukavu, wakafika Entebbe.

Tarehe 23 walikuwa wakizunguka chini chini juu ya maporomoko ili wayaone vizuri. Rubani alipokwepa kundi la ndege wa porini, aligonga waya wa simu uliokuwa umeachwa, wakaanguka. Mary alivunjika mbavu. Walilala porini karibu na tembo, kesho yake wakachukuliwa na mashua hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko walipandishwa ndege nyingine, na hiyo ikawaka moto ilipojaribu kuruka. Hemingway aliupiga mlango kwa kichwa hadi akatoka.

Magazeti ya nje yalikwisha kutangaza kwamba wamekufa. Oktoba mwaka huohuo alishinda Tuzo ya Nobel ya fasihi, lakini hakusafiri kwenda Stockholm kuipokea.

Kama ndege ya kiwandani, yenye rubani wa kazi hiyo, iliangushwa na waya mmoja, ile iliyounganishwa gerejini inahitaji tahadhari mara mbili.

Majaribio kwanza, mke baadaye

Marekani ndege ya kujiundia hukaguliwa, kisha kwa kawaida hupewa saa 25 hadi 40 za majaribio katika eneo maalumu, bila abiria. Ndani yake hubandikwa onyo kwamba haikutimiza masharti ya ndege za kawaida. Na hata ikimaliza majaribio, hairuhusiwi kubeba abiria wala mzigo kwa malipo. Kwa hiyo anayefikiri ataigharamia kwa kupeleka vipuri na simu Arua avunje hesabu hiyo mapema.

Uganda, mwenye neno ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inayosajili ndege kwa alama zinazoanza na 5X. Kabla ya kununua msumari mmoja, iulizwe kwa maandishi itaikubali ndege ya aina gani, nani ataikagua wakati inaundwa, na leseni ipi inahitajika.

Mpaka nao ni jambo la pekee. Mkataba wa Chicago wa 1944 unazitaka nchi kutambua vyeti vya ndege vinavyofikia viwango vya kimataifa. Cheti cha ndege ya kujiundia kwa kawaida hakihesabiwi humo. Kuvuka kwenda Kenya, Rwanda au Congo kunahitaji ruhusa ya nchi unayoingia, pamoja na kupitia kiwanja chenye uhamiaji na forodha. Njia za panya za angani hazipo.

Kwa mume na mke ambao bado wanapima, hatua ya busara ni kukodi kwanza. Ndege ndogo za kukodi huondoka Kajjansi na Entebbe kwenda mbugani. Wikendi moja itawaonyesha kama wote wawili wanaipenda safari hiyo, au ni mmoja tu.

Na siku ndege yao wenyewe itakapokuwa tayari, yule asiye rubani ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kufunga mkanda: imeruka saa ngapi bila abiria, nani aliyeikagua, na leo tuna kilo ngapi. Asipopata jibu la namba, na abaki chini. Basi la Masindi huondoka kila siku.