Jina Lililolipa Nauli

Wazee wetu husimulia habari za "ndege za Kennedy", na vijana hudhani anayetajwa ni yule aliyekuwa rais. Hata mimi nilidhani hivyo miaka mingi. Kumbe mfuko uliotoa fedha zile una jina la kakake mkubwa, Joseph Kennedy Mdogo, askari wa akiba katika jeshi la majini la Marekani. Wakati huo alikuwa marehemu wa miaka 16.

Joseph alizaliwa mwaka 1915, kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa, naye babake alimwandaa awe rais. Mnamo 1941 aliacha masomo ya sheria pale Harvard kabla ya kuyakamilisha, akajiandikisha kuwa rubani. Alipelekwa Uingereza mwaka 1943, akawa akizunguka juu ya bahari kuwinda nyambizi za Wajerumani. Kufikia katikati ya 1944 alikuwa ametimiza zamu zake na ruhusa ya kurejea kwao anayo. Hakurejea.

Alijitolea kwa kazi ambayo mimi, ndugu msomaji, nisingemwombea hata hasimu wangu. Ndege ilijazwa takriban tani 10 za vilipuzi. Kwa kuwa haikuweza kupaa yenyewe, marubani wawili walitakiwa kuirusha, kuvitega vilipuzi vile, kisha kujitupa kwa miavuli. Hapo ingeongozwa kwa redio hadi Mimoyecques, kaskazini mwa Ufaransa, ambako Wajerumani walichimba ngome ya mizinga ya kuipiga London. Jioni ya Agosti 12, 1944, kabla hawajajitupa, ndege ililipukia juu ya Suffolk. Joseph na mwenzake, Wilford Willy, hawakuonekana tena, hata maiti zao. Joseph alikuwa na umri wa miaka 29.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ngome ile ilikuwa imekwisha kuharibiwa na mabomu ya Waingereza tangu Julai 6. Waliowatuma hawakulijua hilo. Sifa za ushujaa alipewa, na alizistahili; lakini medali haijibu kwa nini alitumwa.

Mnamo 1946 jamaa zake walianzisha wakfu kwa jina lake. Julai 1960 Tom Mboya alimwendea Seneta John Kennedy akitafuta nauli ya wanafunzi waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani. Serikali ya huko ilikuwa imemnyima. Wakfu ulitoa dola 100,000, na Septemba mwaka huo vijana wetu wakaabiri. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 20 kutoka Nyeri, ambaye baadaye tulimjua kama Profesa Wangari Maathai.

Joseph hana kaburi. Jina lake limechongwa katika ukuta wa waliopotea, kwenye makaburi ya Wamarekani karibu na Cambridge, Uingereza. Nikijaliwa nauli, nitapita hapo.