Kuitafuta k Mahali Mstari Unapokata Mihimili

Mlinganyo kx + 3y = 12 una herufi tatu, lakini kazi zake si moja. Thamani za x na y hubadilika kila tunapohama nukta moja ya mstari kwenda nyingine. k haihami: ni namba moja kwa mstari mzima, ila hatujaambiwa ni ipi. René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, aliziweka herufi za mwanzo wa alfabeti kwa namba zinazojulikana na za mwisho kwa zinazotafutwa. k iko katikati ya makundi hayo kwa nafasi na kwa tabia pia, ndiyo maana humtatiza mwanafunzi.

Kwenye mhimili wa y, x ni sifuri. Hivyo 3y = 12, na y = 4. Kumbe k imetoweka! Ipe thamani yoyote, mstari bado utapita kwenye (0, 4). Mistari yote ya mlinganyo huu huzunguka nukta hiyo kama mlango kwenye bawaba. Kwa hiyo, ukiambiwa tu kwamba mstari unakata mhimili wa y kwenye 4, hujapata lolote la kukusaidia kuijua k. Ukiambiwa ni kwenye 5, acha kutafuta, maana mstari huo haupo.

Habari ya k iko kwenye mhimili wa x. Hapo y ni sifuri, nasi tunapata x = 12/k. k isiwe sifuri, kwani mstari ungelala sambamba na mhimili huo usiukate kamwe.

Sasa tuseme namba hizo mbili, ya mhimili wa x na ya mhimili wa y, jumla yake ni 10. Basi 12/k + 4 = 10, 12/k = 6, na k = 2.

Tubadili sharti: mstari na mihimili miwili vinafanya pembetatu yenye eneo la 12. Kimo ni 4. Nusu ya kitako mara kimo ni 12, kwa hiyo kitako ni 6. Hapa ndipo pa kutulia. Urefu hauna hasi, lakini mahali pana hasi: mstari unaweza kukata kwenye 6 au kwenye −6. Majibu ni mawili, k = 2 na k = −2. Anayeandika 2 peke yake hakukosea kukokotoa popote, ila ameuacha mstari mzima upande wa kushoto. Angechora mchoro, hata wa haraka, angeuona.

k ikihamia upande wa pili, 2x + 3y = k, mambo hugeuka. Mistari haizungukii tena nukta moja, bali husogea sambamba, na mihimili yote miwili inabeba habari: k/2 na k/3. Jumla ya 10 inatoa k = 12. Eneo la 12 linatoa k² = 144, yaani 12 au −12, na mstari wa pili unapita chini ya (0, 0).