Kipimo cha DNA Hakimtaji Mama

Kila zinapotoka habari za watu waliochukuliwa vitani wakiwa watoto na kuasiliwa ng'ambo, swali linalofuata ni lile lile: si wapime DNA tu, wamjue mama yao, yaishe? Limeulizwa mno, na linawaonea wahusika, kwani linamfanya mtu wa miaka hamsini ambaye bado anatafuta aonekane mzembe. Chanzo chake kinaeleweka. Tumeizoea DNA kwenye mashauri ya ubaba: mtoto yupo, mwanamume anayetajwa yupo, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jibu linatoka. Linatoka kwa sababu pande zote mbili zimepatikana. Maabara haisomi jina la mzazi ndani ya mate ya mtoto, inalinganisha sampuli na sampuli. Mzazi na mtoto huchangia takriban nusu ya vinasaba, ndugu wa mzazi mmoja karibu robo, watoto wa ndugu wawili kama asilimia 12.5. Asipokuwepo wa kulinganishwa naye, hakuna jibu, hata mtu apime mara kumi.

Tazama Vietnam. Aprili 1975, vita vikielekea mwisho na Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ikikaribia kuanguka, Rais Gerald Ford wa Marekani aliagiza watoto wa vituo vya yatima wahamishwe kwa ndege, na zaidi ya 2,500 wakapelekwa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Ndege ya kwanza ya jeshi katika operesheni hiyo ilianguka Aprili 4 ikaua watoto wengi, na hati zikapotea humo. Kuna waliosafiri kwa majina yaliyotungwa kituoni, na kuna waliosafiri kwa hati za mtoto mwingine. Mwaka huo huo shauri lilifunguliwa mahakamani San Francisco, Marekani, likidai kwamba wengi hawakuwa yatima hata kidogo. Mama aliyemkabidhi mwanawe kwa masista siku zile leo ni bibi kizee, pengine yuko kijijini kwenye delta ya Mekong, na hajawahi kutia mate yake kwenye kichupa cha kampuni ya Marekani ya vipimo vya DNA. Mwanawe akipima huletewa ndugu wa mbali asiowajua na chati inayomwambia kuwa yeye ni Mvietnam kwa asilimia kadhaa. Hilo alikuwa akilijua tangu utotoni. Hata asilimia zenyewe hutegemea makundi ya watu ambayo kampuni imeyachagua kuwa kigezo. Makundi yakibadilishwa, chati hubadilika, na mtu ni yule yule.

Wapo watakaosema: mbona wengine wamepata? Ni kweli, ila angalia nani amempata nani. Waliozaliwa na askari wa Marekani waliopigana Vietnam mara nyingi huanza kuupata upande wa baba, kwa kuwa Wamarekani kwa mamilioni wamejipima kwa kupenda kujua nasaba zao. Upande wa mama unabaki kimya. El Salvador ilikwenda njia nyingine. Katika vita vya 1980 hadi 1992 wanajeshi walichukua watoto, na baadhi yao wakaasiliwa Marekani na Ulaya. Shirika la Pro-Búsqueda, lililoanzishwa mwaka 1994 na familia pamoja na padri Jon Cortina, liliwaendea wazazi, likakusanya ushahidi wao na sampuli zao, zikawekwa zikiwasubiri watoto. Huko kipimo kinajibu, kwa sababu kuna aliyetangulia kupimwa.

Anayetafuta afanye hivi. Adai jalada lote la kuasiliwa, si cheti tu: kituo, tarehe ya kupokelewa, viza, ndege. Apime katika kampuni yenye wateja wengi, kisha apakie matokeo hayo kwenye kanzidata nyingine zinazoyapokea. Atangaze katika redio na magazeti ya alikozaliwa, kwa lugha ya huko. Awatafute walezi na wauguzi wa kituo wangali hai. Akijitokeza mtu anayedai kuwa mama, wapimwe wawili hao kabla ya fedha kutolewa na kabla ya sherehe; hapa ndipo DNA haina mbadala. Asimlipe yeyote anayeahidi kumpata mama kwa chati ya asilimia.

Na wenye uwezo wa kugharamia vipimo, serikali na mashirika, wavipeleke kwa akina mama vijijini sasa. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1975 ameshatimiza 75.